Nyumba ipo mnadani, na mwenyewe bado yumo ndani

Barua

Mshauri, hujambo?

Sisi ni chama cha watu watano. Tumekuwa tukiweka akiba ili tununue nyumba ya kupangisha, na sasa tumeona tangazo la mnada gazetini: nyumba ya vyumba vitatu huko Kitengela, bei ya chini kabisa shilingi 5,200,000. Nyumba za aina hiyo pale mtaani zinauzwa kama milioni 7. Mnada ni wiki mbili kuanzia sasa.

Wenzangu walinituma niikague. Nilipobisha, mlango ulifunguliwa na mama mmoja, na nyuma yake wasichana wawili wamevaa sare za shule. Alidhani nimetumwa na kampuni ya maji. Nilipomwambia nimekuja kuona nyumba ya mnada aliniuliza, "Mnada gani?" Kisha akatoka nje na kufunga mlango ili watoto wasisikie. Kwa maelezo yake, mumewe aliachishwa kazi mwaka jana, hajamwonyesha barua yoyote ya benki, na yeye mwenyewe hakumbuki kutia sahihi mahali popote nyumba ilipowekwa rehani. Mkopo uliobaki anadhani ni kama milioni 4.

Wenzangu wanasema biashara ni biashara, na tusipoichukua sisi watachukua wengine. Mmoja amependekeza tuwe na vijana tayari wa kuwatoa mara tu nyundo ikigongwa. Mimi sina amani. Je, tunajenga mali kwa machozi ya watu? Maneno ya yule mama yana uzito wowote kisheria? Nirudi kumweleza mambo yalivyo, au ninyamaze? Na tukinunua, tutawatoaje bila vita?

Mweka hazina wa chama, Athi River

Jibu

Ndugu mweka hazina,

Nianze na maneno ya yule mama, maana ndiyo mazito kuliko yote uliyoandika, kwa dhamiri yako na kwa mfuko wa chama. Wenzako wanadhani huruma ni jambo moja na biashara ni jingine. Kwenye nyumba ya mnada yenye watu ndani, jeraha la familia na hatari ya mnunuzi hutoka mahali pamoja. Ukimsikiliza mama huyo vizuri, umeshafanya nusu ya uchunguzi ambao wanunuzi wengi huuruka.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 79, inasema rehani juu ya nyumba ya ndoa ni halali tu ikiwa mwenzi anayeishi humo ametia sahihi, au kuna ushahidi kwamba aliridhia. Kwa hiyo kama kweli hakusaini na wala hakukubali, rehani yenyewe ina ufa tangu msingi. Sisemi mama anasema kweli yote. Watu huitwa kwa wakili, huwekewa karatasi tano mbele yao, husaini na kusahau, na wengine hukana kwa sababu wamebanwa. Lakini sahihi ile ama ipo ama haipo, na inaweza kutafutwa kabla hamjatoa hata senti moja.

Kuna jambo ambalo mawakili wa wanunuzi hupenda kulitaja, na ni kweli: kifungu cha 99 kinamlinda mnunuzi wa mnada hata akijua kwamba ilani fulani haikupelekwa sawasawa. Ulinzi huo huondoka pale benki inapokuwa imefanya udanganyifu na mnunuzi akaujua au alipaswa kuujua. Aliyedhulumiwa kwa mauzo yasiyofuata utaratibu huambiwa aidai benki fidia. Wengi husoma hapo wakatulia. Ila ulinzi huo ni wa mtu aliyenunua kwa benki yenye haki ya kuuza, na swali la sahihi ya mke linagusa haki hiyo yenyewe. Kesi ya namna hiyo hata mkiishinda itakula muda wenu, huku milioni 5 zenu zimelala na hamna funguo.

Angalia pia muda ambao familia hii ingepaswa kuwa nao. Mkopaji akikwama kwa mwezi mmoja, benki inaweza kumpa ilani ya miezi 3 ya kurekebisha deni. Akishindwa, inafuata ilani ya siku 40 kwamba nyumba itauzwa, na nakala ya ilani hiyo lazima imfikie mke au mume wa mkopaji aliyeridhia rehani. Kisha dalali hutoa siku 45 za kukomboa, na baada ya tangazo la kwanza gazetini zipite siku zisizopungua 14 kabla ya mnada. Zikifuatana zote, ni zaidi ya miezi 7. Katika miezi hiyo mume amekuwa akipokea bahasha, akizificha kabatini au kwenye gari, akitumaini kibarua kitapatikana na jambo liishe kabla mke hajajua. Aibu humfunga mtu mdomo kuliko deni lenyewe. Ndiyo maana ni kawaida kabisa mke kusikia habari kutoka kwa mgeni mlangoni. Safari hii mgeni alikuwa wewe. Hukufanya kosa, lakini tangu sasa kila atakayetumwa na chama kukagua nyumba aulize kwanza, kwa sauti ya chini na mbali na watoto: "Je, mna habari yoyote kutoka benki kuhusu nyumba hii?" Jibu likiwa hapana, asiendelee na ukaguzi. Aseme anaomba kuzungumza na mwenye nyumba wakiwa wawili, aache namba yake ya simu, aondoke.

Kwa hiyo ndiyo, rudi, na urudi wiki hii. Usiende na dalali wala kundi. Nenda na mtu mmoja mtulivu, ikiwezekana mama kutoka chama chenu. Pigeni simu kwanza, na muombe mume awepo. Msiende jioni watoto wakiwa mezani. Mwambieni ukweli kwamba ninyi ni wanunuzi, si washauri wao, na kwamba mnaweza kwenda kwenye mnada huo. Kisha mpeni habari nne ambazo mara nyingi hakuna anayewapa watu walio katika hali hii.

Ya kwanza, hadi nyundo igongwe bado wana haki ya kulipa deni na kuikomboa nyumba. Kifungu cha 102 kinasema hivyo, na nyundo ikishagongwa haki hiyo imekwisha. Ya pili, waende benki wakiwa wawili, kitengo cha urejeshaji madeni, wakiomba kwa maandishi taarifa kamili ya deni na kupangiwa malipo upya. Wakiipata taarifa hiyo waangalie riba. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inazuia riba kukua kupita kiasi cha mkopo uliokuwa umebaki siku ulipoanza kuhesabiwa kuwa mbovu. Ya tatu, nyumba ikiuzwa kwa zaidi ya deni na gharama, kinachobaki ni chao, na benki haina ruhusa ya kukikalia. Ya nne, kama mama hakusaini, amwone wakili wake mwenyewe mara moja, maana zuio la mahakama huombwa kabla ya mnada.

Najua mwenzako atauliza kwa nini mnampa silaha mtu anayeweza kuwanyima nyumba. Jibu ni kwamba kama silaha hiyo ipo, ataipata tu. Afadhali aitumie kabla hamjalipa milioni 1.3 ya kuanzia siku ya mnada kuliko baada.

Wakati huohuo wakili wenu afanye yake. Apekue hati kwenye masjala ya ardhi, au kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, ikiwa hati ile imeshaingizwa huko, aone rehani imeandikishwa lini na kwa kiasi gani, na kama kuna zuio. Aulize mahakama kama kuna kesi yoyote kwa jina la mwenye hati. Aiandikie benki kuomba nakala ya hati ya rehani yenye idhini ya mwenzi, ushahidi wa kupelekwa kwa ilani ya miezi 3 na ile ya siku 40, na tarehe ya tathmini. Bei ya chini ya mnada inapaswa kutokana na tathmini isiyozidi miezi 12. Benki yenye makaratasi safi haichelewi kuyaonyesha. Ikijibu kwamba hayo si kazi ya mnunuzi, mmepata jibu lenu: ondokeni. Nasema hivyo bila kusita, hata bei ikiwa tamu namna gani.

Sasa kuna njia ambayo hamkuiwaza, nami naipenda kuliko mnada kwa nyumba kama hii. Nunueni kwa wenyewe, kwa ridhaa ya benki, kabla ya siku ya mnada. Tuchukue deni kuwa milioni 4 kama mama anavyodhani. Nyumba ikienda mnadani kwa 5,200,000, familia itabakiwa na 1,200,000, na humo zitatoka gharama za dalali na mawakili. Mkinunua kwao kwa milioni 6, watabakiwa na milioni 2, wahame kwa mpango, walipe kodi ya nyumba nyingine na karo. Ninyi mtalipa 800,000 zaidi, sikufichi. Lakini mtapata nyumba tupu, sahihi za mume na mke zote mbili, na hati isiyo na kesi nyuma yake. Linganisha na mwaka mmoja bila mpangaji, ambao kwa kodi ya 35,000 kwa mwezi ni 420,000, kisha ongeza wakili wa kesi ya kuwatoa na nyumba iliyong'olewa milango.

Utaratibu wake ni huu. Familia inaiandikia benki ikiomba mnada uahirishwe, ikiambatanisha barua yenu ya nia ya kununua inayotaja bei na muda wa malipo. Benki inatoa barua ya kiasi kamili cha kufuta deni. Wakili wenu anaipa benki ahadi ya kitaaluma, yaani inayomfunga yeye mwenyewe kama wakili, kwamba pesa zitafika, benki inaachilia hati na karatasi ya kufuta rehani, kisha ufutaji huo na uhamisho vinaandikishwa pamoja. Deni liende moja kwa moja benki. Msimpe mume fedha mkononi hata akilia njaa. Si kwa kumdharau, ila mtu mwenye wadai kila upande hulipa yule anayepiga kelele zaidi, na rehani hubaki pale pale. Na wao wawe na wakili wao. Mtu aliyechanganyikiwa hutia sahihi chochote leo, na kesho hukumbuka kwamba alilazimishwa.

Wiki mbili ni muda mfupi kwa haya. Kama benki haikubali kuahirisha, mnabaki na chaguo la mnada au kuacha.

Umeuliza kama mnajenga kwa machozi. Deni hilo hamkulifanya ninyi, na kununua mnadani si dhambi. Mahali ambapo mnunuzi hushiriki dhuluma ni kwenye bei. Nyumba ikiuzwa chini ya deni, familia hupoteza nyumba na bado hudaiwa kilichobaki. Kwa hiyo kupangana na wanunuzi wengine kwamba huyu asipandishe leo ili yule asipandishe kesho ni kuiba kwa watu wasiokuwepo ukumbini. Sheria inaitaka benki itafute bei bora inayoweza kupatikana, na bei ikishuka robo au zaidi chini ya ile ya soko, benki huanza kudhaniwa kuwa imevunja wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Ile milioni 5.2 mliyoona mbele ya milioni 7 iko chini ya mstari huo kwa kijiti tu. Nendeni mkijua hilo, na muandike kabla ya siku hiyo kiwango chenu cha juu, mkikitoa kwenye hesabu ambayo tayari ina miezi 12 bila kodi.

Siku yenyewe mtatakiwa kuwa na hundi ya benki ya dhamana kama tangazo litakavyotaja, kisha asilimia 25 nyundo ikigongwa, na kwa kawaida siku 90 za kumaliza zilizobaki. Kwa bei ya 5,200,000 hizo ni 1,300,000 na 3,900,000, na ushuru wa stempu wa asilimia 4 mijini, yaani 208,000. Mkichelewa kumaliza, kwa masharti mengi ya mnada mtapoteza ile 1,300,000. Someni masharti hayo pia mahali yanaposema nyumba inauzwa kama ilivyo na pale ilipo. Maana yake ni kwamba kuwatoa waliomo ni kazi yenu, si ya benki.

Hapo ndipo linapokuja suala la vijana wa kukodi. Likatae kikaoni, na liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba limekataliwa. Kuingia kwa nguvu ni kosa la jinai hata kama nyumba ni yako, na sheria inahesabu kuwa nguvu si kupiga tu, bali pia kutisha, kuvunja mlango, au kukusanya watu wengi kuliko kawaida. Njia halali ni ilani ya miezi 3 kwa maandishi, chini ya kifungu cha 152E cha Sheria ya Ardhi, nakala zikienda kwa naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo. Wasipotoka, mnakwenda mahakamani. Hata siku ya kuwatoa, sheria inataka utu, uangalizi maalumu kwa watoto, wazee na walemavu, na ulinzi wa vitu vitakavyoachwa. Msikate maji wala umeme ili kuwasukuma. Baadhi ya wanunuzi hufanya hivyo, kisha huonekana mahakamani wao ndio wakorofi.

Lakini nyumba nyingi hazifiki huko kama mtu mmoja amezungumza mapema na kwa heshima. Anayeng'oa masinki na nyaya usiku wa kuhama huwa ni mtu ambaye hakuna aliyemwambia neno tangu siku ya mnada. Nendeni ndani ya siku chache baada ya nyundo, mkiwa wawili wale wale. Semeni "poleni" kwanza, mkae mkikaribishwa, na msizungukezungushe macho ukutani mkipima rangi. Neno "nyumba yetu" lisitoke midomoni mwenu siku hiyo. Ulizeni watoto wanafunga shule lini, na kama kuna mgonjwa au mzee. Tarehe ya kuhama ikiangukia likizo, watoto hawahami shule katikati ya muhula na ninyi mnapoteza wiki chache tu.

Kisha toeni msaada wa kuhama. Kwa nyumba ya kodi ya 35,000, ningetenga kati ya 80,000 na 120,000: lori, amana na kodi ya mwezi wa kwanza mahali pa bei nafuu. Mwandike makubaliano ya ukurasa mmoja yenye tarehe, kiasi na vitu vitakavyobaki, kila mtu mzima wa nyumba hiyo asaini, na kila upande ukae na nakala. Lipeni sehemu ndogo siku ya kusaini ili wapate cha kushikia nyumba mpya, na kubwa siku ya funguo. Msiahidi kuwapangishia nyumba hiyo hiyo ili kuwatuliza kama hamna nia hiyo. Mkiwa na nia, uwe mkataba wa kawaida wenye kodi wanayoweza kulipa, la sivyo mnahamisha tu siku ya machozi.

Mkimsikia mume akisema hana haja ya kuishi, au mkimwona amenyamaza kiasi cha kutisha, acheni mazungumzo ya nyumba. Mwiteni ndugu au jirani wanayemwamini, asiachwe peke yake, na mpigeni namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, simu isiyolipiwa.

Siku ya funguo fikeni mapema na karatasi ya makubaliano mkononi. Zungukeni chumba kwa chumba na mmoja wao: milango na makufuli, masinki, soketi, tangi, mita ya maji, namba ya mita ya umeme. Piga picha chumba kikiwa tupu, hakikisha mita ya maji imesomwa siku hiyo, kisha mlipe palepale, mbele ya mke na mume, kwa njia inayoacha risiti. Vitu vikibaki vichache, waandikieni vimewekwa wapi na hadi tarehe gani, na muache namba ya simu kwa ajili ya barua za shule na za hospitali zitakazoendelea kuletwa kwa anwani ile.